Anzia mbali, umalizie Kamukunji

Mara ya mwisho ulipoenda mjini na watoto ulikwenda kufanya nini? Bila shaka ni kununua sare za shule. Kutoka soko la Burma hapa Shauri Moyo hadi katikati ya jiji ni kilomita kama tatu tu, na bado wapo vijana wa mtaani kwetu waliomaliza kidato cha nne bila kuingia Jumba la Makumbusho hata siku moja. Mtalii ashukaye kwa ndege alfajiri huwa ameliona kabla ya adhuhuri. Hilo huniudhi, maana jiji ni la watoto wetu pia.

Kosa la wengi ni kuanza na kilicho karibu. Likizo moja niliwachukua wapwa zangu wawili, nikasonga mbele kidogo kidogo kama anayepalilia shamba. Kufikia saa tisa ndiyo kwanza tunapanda Museum Hill, mdogo nimembeba mgongoni, na safari ya kurudi bado yote. Tangu hapo sheria yangu ni moja: asubuhi panda matatu hadi pa mbali kabisa, kisha rudi kwa miguu. Mtoto aliyechoka hutembea vizuri zaidi akijua anaelekea kwao.

Chagua Jumamosi ya likizo, si Jumapili, kwa sababu Jumapili Hifadhi ya Nyaraka ya Kitaifa hufungwa. Beba kitambulisho, kwani raia hulipa ada nafuu kuliko mgeni, na uwe na pesa kwenye simu. Ukiwa na noti pekee waweza kukwama mlangoni. Chapati na maharagwe pika nyumbani.

Saa mbili na nusu uwe Makumbusho. Usijaribu kuona kila kitu. Wapeleke watoto moja kwa moja kwa mvulana wa Turkana, yule ambaye mifupa yake iligunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka wa 1984. Alikufa angali mtoto, yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mwanafunzi wa darasa la sita akisimama mbele yake hunyamaza mwenyewe, hahitaji kukemewa. Kisha muone Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka wa 1974. Saa mbili u nusu zatosha. Nyoka waache siku nyingine, hasa kama mfuko umepungua.

Teremkeni hadi bustani ya Jeevanjee mle chakula chenu. Keti hapo bila haraka. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa jiji bustani hii mwaka wa 1906, na kuketi kwenye nyasi hakulipishwi.

Hifadhi ya Nyaraka iko mbele kidogo, Moi Avenue, katika jengo lililokuwa benki zamani. Ghorofa ya chini imejaa vinyago, vitambaa na vito vilivyokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966. Ukitoka nje utaiona sanamu ya Tom Mboya, iliyozinduliwa mwaka wa 2011. Mweleze kijana wako kwamba Mboya alipigwa risasi kwenye barabara hii hii tarehe 5 Julai 1969, na kwamba ndiye aliyehangaika hadi ndege ya kwanza ya wanafunzi ikaondoka kwenda Marekani mwaka wa 1959. Kwa mwanafunzi anayelilia karo, habari hiyo si ya kale.

Alasiri ni ya KICC, jumba la ghorofa 28 lililokamilika mwaka wa 1973. Ulizia mapema kama paa liko wazi kwa umma kabla hujawaahidi watoto, maana ahadi ya paa haisahauliki. Mkipanda, jua litakuwa nyuma yenu mkitazama mashariki, na mabati ya Gikomba yatang'aa. Wacha watoto waitafute nyumba yao. Watabishana, na hapo ndipo nauli yako inarudi.

Shukeni hadi bustani ya ukumbusho kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliua watu 213 hapa Nairobi, na majina yao yamechongwa ukutani. Watoto wadogo wasomee majina mawili matatu, basi.

Kutoka hapo fuateni Landhies Road, mkoba ukiwa mbele na mkono wa mtoto ndani ya wako, maana Muthurwa jioni ya Jumamosi hakuna anayempisha mwenzake. Nyundo za mafundi wa jua kali zitawakaribisha. Kisha simameni kidogo uwanjani Kamukunji. Watoto huvuka hapo kila wiki bila kujua kwamba Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano hapo tarehe 7 Julai 1990 kudai vyama vingi, nao wakawekwa kizuizini siku tatu kabla yake. Hakuna tiketi, hakuna mlango.

Ukipita Burma nunua nusu kilo ya nyama. Lakini uipike upesi, mama, kwani watakuwa wamelala kabla ya ugali kuiva.