Sinema Isiyo na Risasi

Vijana wetu wakitoka kutazama sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani, husimulia nani kampiga nani risasi. Lakini ipo moja ya mwaka 1948, ya picha nyeusi na nyeupe, iitwayo Four Faces West. Humo hakuna apigwaye risasi.

Ross McEwen, mchezaji wake Joel McCrea, alichukua dola 2,000 benki kwa kutisha na bastola, apate kuokoa shamba la baba yake. Aliacha hati ya deni. Hata hivyo ni wizi. Pat Garrett, mkuu wa askari, akamfuata katika jangwa la New Mexico.

Akiwa mbioni, mtoro huyo akakuta nyumba ya Wameksiko walioshikwa na dondakoo. Angalipita, nani angalijua? Bali aliingia akawauguza, hata Garrett akamkuta pale pale.

Wema ule haukufuta kosa. Ilimpasa bado kwenda kwa hakimu. Lakini aliyekuja kumkamata sasa alikuwa tayari kumtetea.

Jioni ya leo waulizeni watoto wenu: Je, ninyi mngalipita?