Wembe Maktabani: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo

Mheshimiwa Mkuu,

Naandika kutoka Nkoaranga, Arumeru. Sheria sikuisomea, nimemlipia ada mpwa wangu tu. Amemaliza shahada katika chuo ambacho sitakitaja, na sasa anajiandaa kuja kwenu Dar es Salaam.

Likizo moja alinionyesha picha kwenye simu. Juzuu la hukumu za mahakama liko wazi mezani: kushoto ukurasa wa 212, kulia 231. Katikati umebaki ukingo mwembamba, kazi ya wembe. Kesi iliyokuwamo ndiyo waliyokuwa wamepewa kuiandikia. Aliyekata alikuja kujulikana, ila kilichoniudhi zaidi ni darasa: waliochekwa ni waliochelewa kufika maktaba! Ukiomba madesa unaambiwa hayapo. Ukimwuliza mtu amesoma hadi wapi, anaapa hajafungua daftari. Kuna waliotumiwa tarehe ya uongo ya kukusanya kazi, tena kwenye kundi la WhatsApp la darasa lao wenyewe.

Nikamwuliza, mnagombea nini? Mwenzako akipata alama nyingi, zako zinapungua? Akasema, "Hapana, mjomba, lakini huko tunakokwenda wanapita wachache."

Hapo ndipo ninyi mnapoingia. Oktoba 2022 nchi nzima ilizungumzia matokeo yenu: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu walikuwa 26, wa kurudia mitihani 342, na waliodisko 265. Waziri Damas Ndumbaro akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Nani alikosea, vyuo au ninyi, siingilii. Nadhani lawama inawatosha wote. Ninachojua ni kwamba ile 26 ilifika mpaka kwa vijana wa mwaka wa kwanza vyuoni, na huko ikageuka kuwa idadi ya viti. Kijana anayeamini viti ni 26 atamwona jirani yake kuwa adui, ingawa alama ya kufaulu ni moja kwa wote na hakuna anayemzibia mwenzake njia ya kuifikia.

Huku Meru mawakili tunawakumbuka kwa jambo jingine. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza wazee wetu Engare Nanyuki na kuchoma nyumba zao ili ardhi wapewe walowezi. Watu wakachanga, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi, lakini dunia ilisikia. Kesi kama ile haiandaliwi na mtu aliyejifungia chumbani na madesa yake.

Kuna jambo linalonitisha kuliko mitihani. Naelewa kwamba wakili hapaswi kuificha mahakama hukumu inayompinga. Sasa huyu aliyezoea wembe, siku akiwa na hukumu ya kumwangusha mteja wake mwenyewe, na upande wa pili amekaa bibi wa kijijini asiye na wakili, ataitoa?

Maombi yangu hayahitaji kamati. Kila baada ya mtihani, wekeni hadharani maswali pamoja na maelezo ya watahini: wengi waliteleza wapi, jibu zuri lilikuwaje. Yawafikie hata walioko vyuoni, Makumira hapa chini na kwingineko. Desa ambalo kila mtu analo halina wa kulificha. Mkitangaza matokeo, waambieni vijana waziwazi kama kuna idadi iliyopangwa au hakuna, maana minong'ono ndiyo inayowafundisha roho mbaya kabla hamjawafundisha ninyi chochote.

Na aliyethibitika kuharibu vitabu vya maktaba au kuwadanganya wenzake, chuo chake kiwaletee taarifa pamoja na cheti, naye aulizwe kabla ya kupokelewa. Mpwa wangu anasema hilo la mwisho ni uchongezi. Mtaamua ninyi wanasheria.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mlezi, Nkoaranga