Mkeka Usifichwe

Nimeingia katika nyumba ambamo mgeni apigapo hodi, mkeka hukunjwa upesi ukatiwa mvunguni. Mama mwenye nyumba huona haya. Ameambiwa kwamba nyumba ya mstaarabu sharti iwe ya sare: viti vya namna moja, mapazia ya rangi ya viti, zulia la rangi ya mapazia, wala pasiwe na nakshi ya namna nyingine. Naipinga fikira hii, na nawaomba wanafunzi wanisikilize kabla ya kuifuata.

Wapenda sare hudai kwanza kwamba mchanganyiko ni dalili ya umaskini. Na watazame Lamu, mji wa kale ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Nyumba zake kubwa za karne ya 18 zilijengwa na matajiri, si mafukara. Kuta za mawe ya matumbawe zililainishwa kwa chokaa nyeupe. Katika chumba cha ndani palitengenezwa zidaka, safu juu ya safu, na humo zikapangwa bakuli na sahani za China. Juu zilipita boriti za mikoko. Chini palitandikwa mikeka. Laini na cha kukwaruza, cheupe na cha rangi, cha kwao na cha ng'ambo vilikaa pamoja. Si ufukara uliovikusanya, ni uchaguzi.

Hudai pili kwamba nakshi nyingi huchosha macho. Zikitupwa ovyo, kweli huchosha. Wala simtetei ajazaye ukuta hata jicho likakosa pa kupumzikia. Lakini ovyo ni jambo moja, na mchanganyiko ni jambo jingine. Tazama leso. Pindo lina nakshi yake, mji una nakshi yake, na jina limeandikwa papo hapo. Walakini hakuna asemaye kwamba leso ina fujo. Kwa nini? Kwa sababu rangi chache zilezile hupita pote zikaviunganisha, na nakshi moja hukubali kuwa ndogo ili nyingine iwe kubwa. Hiyo ndiyo kanuni, nayo ni nyepesi: pawe na rangi ya kuviunga vitu vyote, nakshi kubwa isigombane na kubwa nyingine, na mahali patupu paachwe, kama chokaa ya Lamu ilivyoachwa nyeupe.

Tatu, sare ina gharama isiyotajwa dukani. Mkeka huanza kwa majani kukaushwa, kuchanwa na kutiwa rangi; kisha husukwa ukili mrefu, na kili zikashonwa pamoja. Ni kazi ya siku nyingi. Ikiwa kila nyumba itauficha, nani ataununua? Na msukaji asiye na mnunuzi atamfundisha bintiye kwa faida gani? Kiondo cha katani nacho kina hatari hiyohiyo.

Sisemi viti vitupwe nje. Nasema kiti na mkeka vyaweza kukaa chumba kimoja bila ya kuaibishana. Mwacha mila ni mtumwa. Na utumwa ulio mbaya zaidi ni ule mtu anaojinunulia kwa fedha yake mwenyewe. Basi, mwanafunzi, siku mgeni atakapopiga hodi kwenu, uache mkeka ulipo, umkaribishe aketi.