Tusimchape Mwanafunzi kwa Njaa Yake

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, lawama huanza kutafuta mwenyewe. Wazazi huwalaumu walimu, walimu huwalaumu wanafunzi, na wote kwa pamoja huilaumu Serikali kwa uhaba wa vitabu na madawati. Lakini lipo jambo moja lisilotajwa kwa uzito unaostahili, nalo ni hali ya tumbo la mwanafunzi anapoketi darasani.

Tumtazame kijana wa sekondari ya kutwa. Huamka alfajiri, hufagia uwanja, huteka maji, hunywa chai ya rangi bila kitafunio, kisha hushika njia kwa miguu. Wakati wa mapumziko hula andazi moja, akiwa na fedha mfukoni. Asipokuwa nayo, hungoja mpaka jioni arudipo nyumbani. Saa saba mchana, mwalimu wa hesabu akiwa ubaoni, kijana huyo husinzia. Huitwa mvivu, na pengine huchapwa. Sisi tunauliza: anachapwa kwa kosa gani?

Yafaa ieleweke kwamba ubongo, ijapokuwa ni kiungo kidogo, hutumia kiasi cha asilimia 20 ya nguvu ambayo mwili uliopumzika huihitaji. Tena umri wa kubalehe ni wakati wa kukua kwa kasi kubwa, mfano wa siku za uchanga. La kusikitisha ni kwamba katika nyumba zetu nyingi huo ndio umri unaosahauliwa wakati wa kupakua. Mdogo hupikiwa uji kwa kuwa ni mdogo. Baba hutengewa kitoweo kwa kuwa ni baba. Kijana wa miaka 15 huambiwa amekwisha kuwa mkubwa, avumilie.

Kwa wasichana hatari ni kubwa zaidi. Wanapoanza kupata hedhi hupoteza madini ya chuma, na chakula kisichoyarudisha huwaachia upungufu wa damu, uchovu na kushindwa kutuliza mawazo. Maharage, dagaa na mboga za majani husaidia, hasa vikifuatwa na chungwa au embe. Chai inayonywewa pamoja na mlo huuzuia mwili kuyapokea madini hayo. Ni heri ingoje baadaye.

Asidhani mtu kwamba hili ni tatizo la mikoa yenye ukame peke yake. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano ulikuwa mkubwa kuliko kwingine katika mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayosifika kwa mahindi. Ghala lililojaa si sahani iliyokamilika.

Usingizi nao una haki yake. Vijana wa umri huo huhitaji saa nane hadi kumi kila usiku. Mzazi anayemwacha mwanawe na simu chini ya shuka hadi usiku wa manane, au katika kibanda cha video hadi mechi ya mwisho, asimlaumu mwalimu kesho yake. Wala hapo Serikali haina kosa.

Ada ya sekondari za kutwa hadi kidato cha nne ilipofutwa mwaka 2016, chakula cha mwanafunzi kilibaki jukumu la mzazi. Wengi hawakuelewa hivyo, na debe la mahindi likaonekana kuwa ada kwa jina jingine. Tunawasihi wazazi waiache dhana hiyo. Lakini kamati za shule nazo hazina budi kusoma hesabu za chakula mbele ya wazazi, gunia kwa gunia, maana mchango usiosomewa hesabu huzaa manung'uniko. Na mtoto ambaye mzazi wake hana kitu asinyimwe bakuli wala asirudishwe nyumbani. Huyo ndiye mwenye njaa kuliko wote.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule ziwe pia mashamba. Mashamba hayo yafufuliwe mahali penye ardhi, yawe ya maharage na mboga, na mavuno yake yaishie katika sufuria ya wanafunzi. Jembe lisiwe adhabu ya wachelewaji.

Walimu nao tunawaomba, kabla ya kushika fimbo, wamwulize kijana anayesinzia swali moja: leo umekula nini?

Wahenga walisema, adui yako mwombee njaa. Mwanafunzi wa taifa hili si adui wa mtu. Kwa nini basi tumwachie njaa hiyo, kisha Novemba tumtake ashinde mtihani?