Mwanamke wetu si mtakatifu tu, wala si kidonda tu

Tukitafuta mwanamke wa Kongo ya Mashariki katika vitabu, karibu kila mara tunakuta sura mbili. Ya kwanza ni Anuarite, mtawa aliyeuawa Isiro mwaka 1964 kwa kumkatalia afisa wa waasi, akatangazwa mwenye heri mwaka 1985. Ya pili ni mgonjwa wa Panzi, hospitali iliyoanzishwa hapa mwaka 1999, na ambayo kwayo dunia iliijua Bukavu. Sura zote mbili ni za kweli, na tunaziinamia kichwa. Lakini tunakataa ziwe peke yake.

Maana katika zote mbili, tamaa ni ya mwanaume. Mwanamke anaipinga ao inamuumiza. Na yule mama wa Kadutu anayeimba kwaya siku ya Mungu, anafunga siku tatu, na usiku moyo wake unamtamani mtu, yeye nani atamwandika? Mambo haya bamama wanayasema wakisukana nywele. Ni kalamu tu inayoyaogopa.

Huko Marekani, Deesha Philyaw alitoa mwaka 2020 hadithi fupi tisa juu ya wanawake weusi, kanisa na tamaa. Kitabu kikapewa zawadi ya PEN/Faulkner mwaka 2021. Hakuna kanisa lililoanguka.

Eti hiyo si desturi yetu? Wazee wa Bushi walimheshimu Lyangombe. Katika masimulizi ya Maziwa Makuu, mwindaji huyo alikatazwa na mama yake, akaenda tu. Akakutana na mwanamke porini, mwanamke akageuka nyati, akamuua. Imani, tamaa na kifo, hadithi moja, kando ya moto. Wazee hawakuona haya.

Wengine watasema: M23 iliingia mjini Februari 2025, si wakati wa hadithi za mapenzi. Sisi tunasema njo wakati wenyewe. Vita inamfanya mwanamke kuwa hesabu katika ripoti. Hadithi fupi inamrudishia jina lake, sala yake na haja ya moyo wake.

Basi ninyi mabinti wa Ibanda, Bagira na Kadutu, andikeni. Kurasa tano zinatosha. Na sisi tutakaosoma, tusianze kuuliza eti mchungaji amekubali, ao bwana yako anajua. Tuulize kitu kimoja tu: ni kweli?