Kontenere iwe darasa? Ndiyo, lakini mutoto si muzigo

Ndugu wanainchi wa Lubumbashi,

Tangu masomo ya msingi yawe ya bure mu 2019, madarasa yamejaa. Kuko watoto wanakaa wane ku kiti kimoja, wengine chini. Sasa kuko wenye kusema: tuchukue kontenere za zamani, tujenge nazo mashule. Sisi vijana hatukatae. Tofali yetu inatoka mu udongo wa kichuguu na inachomwa na miti ya pori, na ile pori inazidi kwenda mbali. Kontenere ziko hapa tayari: zinafika na malori toka Dar es Salaam ao Durban, zinapita Kasumbalesa, na zile zinazouzwa zinabakia, zinakuwa depo na maduka barabarani.

Lakini tuseme ukweli. Kontenere ya futi 20 iko na meta za mraba 14 hivi. Watoto 50 wataenea wapi? Inaomba kuunga mbili za futi 40, ndipo tunapata karibu meta za mraba 56. Na ukikata ukuta wa katikati, nguvu ya chuma inapunguka. Lazima fundi aweke nguzo na mihimili. Mwezi wa kumi, jua likiwaka juu ya chuma kitupu, ndani inakuwa kama furu. Bila madirisha pande zote mbili, plafo na paa ingine juu, ile si darasa.

Kuko neno zito zaidi. Mbao za chini mara nyingi zilitiwa dawa ya kuua wadudu. Na migodi yetu inaagiza dawa kali. Kontenere ilibeba nini mbele ya kuletewa watoto? Nani alikagua?

Kwa hiyo tunaomba viongozi wa mji na wa jimbo:

1. Historia ya kila kontenere ijulikane mbele ya kuinunua. Isiyojulikana, ikataliwe.
2. Bei ya kontenere, ya usafiri na ya mafundi ibandikwe ku mulango wa shule, kusudi wazazi wasome.
3. Waanze na darasa moja, wapime joto mwezi wa kumi, wasikilize walimu, ndipo waendelee.

Bei ndogo si sababu ya kufungia watoto mu chuma. Muzigo unavumilia giza na joto. Mutoto si muzigo.