Ati Nilikuwa Mke wa Mfalme



Wiki mbili kabla ya ndoa yake, mtoto wa shemeji yangu alinipigia simu kutoka Isingiro, kule Kyerwa. Nilidhani anaulizia liwa na hina nilizomwahidi kumletea kutoka Unguja. Kumbe analia. "Mama mdogo, mwambie baba aahirishe. Nimeambiwa huyu mume sitadumu naye."

Kaambiwa na nani? Na mtu wa nyota aliyempata kwenye simu. Alimpa tarehe yake ya kuzaliwa na jina la mama yake, akatuma na pesa, jibu likaja kwa sauti: roho yake si mpya. Iliwahi kuishi katika nyumba ya Rumanyika, mfalme wa Karagwe, ikafa na huzuni ya ujane, na sasa imerudi na deni lile lile. Mume wa kwanza lazima aondoke. Dawa ipo, lakini ina bei yake.

Sikumcheka, maana uongo ule ulipandwa kwenye udongo wenye rutuba. Speke alipofika kwa Rumanyika mwaka 1861 alisimuliwa habari za Ndagara, baba wa mfalme. Aliandika kwamba maiti ilishonwa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ikawekwa kwenye mtumbwi ziwani siku tatu hadi ikatoka mafunza. Matatu yakapelekwa kwa mrithi. Moja likawa simba, moja chui, la tatu fimbo. Na mpaka leo nchi zile za maziwa wapo wanaosema roho za Wachwezi, wafalme wa kale, humpanda mtu zikasema kwa kinywa chake. Mtoto aliyekua akisikia hadithi hizo kwa bibi yake, ukimwambia alikuwa mke wa mfalme, hashtuki sana.

Ila nilimuuliza jambo moja. Huyo bwana, katika watu wote waliokufa Karagwe, kwa nini amchague wa ikulu? Wakati ule Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo cha biashara Kafuro, na wapagazi wakipita na mizigo. Mbona hakuna anayeambiwa alikuwa mchota maji wa Kafuro? Mtu halipi pesa kuambiwa alikuwa mchota maji. Tena hao wake wa ikulu, Speke huyo huyo aliwakuta wananyweshwa maziwa hadi hawawezi kusimama, ndiyo urembo wa siku zile. Mke wa kaka wa mfalme alimpima kwa utepe. Na huyu mwanetu chai ya maziwa inamtapisha. Hapo akacheka kidogo, alhamdulillah.

Sasa tusijifanye sisi wa visiwani tumesalimika. Ni bi harusi wangapi hapa kwetu ambao, kabla ya posa kujibiwa, majina yao yamepelekwa kwa fundi? Anachukua jina lako na la mama yako, anageuza herufi za Kiarabu kuwa namba, anajumlisha, anagawa kwa kumi na mbili. Kinachobaki ndiyo nyota yako: Kondoo, Nge, Mashuke. Ya mume vile vile, kisha unaambiwa mnapatana au moto na maji. Nawajua wawili, wote Amina binti Fatma, mtaa mmoja. Kwa hesabu hiyo nyota yao ni moja. Mmoja ana miaka thelathini na mumewe, mwenzake kaachwa kabla ya Idi ya kwanza. Aliyeachwa aliachwa kwa sababu mume alikuwa mlevi, na jambo hilo jirani yeyote angemwambia bure.

Wanajimu wakubwa nao tumewaona. Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Mei 2011, Allah amrehemu, alijulikana Afrika Mashariki nzima. Kabla ya uchaguzi wa 2010 alitabiri kwamba atakayeshindana na Kikwete ndani ya CCM atakufa ghafla. Kikwete akapitishwa bila mpinzani. Watu wakasema umeona? Tumeona nini? Utabiri wa namna hiyo hata haukupimwa, uliishia kutia watu hofu tu. Na hofu ndiyo iliyompata mwanetu.

Nyota zenyewe hazina kosa. Wavuvi wetu wamezitumia kuvuka bahari, na elimu ya falaki inatusaidia kibla na kalenda. Kosa ni kuziuliza kuhusu ndoa yako. Alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, jua lilipatwa siku hiyo, mwaka 632. Watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Baba mwenye msiba, ambaye angeweza kunyamaza na kuiacha heshima hiyo imwendee mwanawe, alikataa: jua na mwezi ni ishara za Allah, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Kila nikiifikiria siku ile machozi hunitoka.

Na kuhusu roho kurudi, Suratul Muuminun aya ya 99 na 100 imemaliza maneno. Aliyekufa anaomba arudishwe, anakataliwa, na mbele yake ni barzakh hadi siku ya kufufuliwa. Hakuna mke wa Rumanyika anayezunguka Kyerwa akitafuta tumbo la kuzaliwa.

Nilimwambia binti asali istikhara, kisha amuulize baba yake yale ya maana: huyu kijana anaswali, ana kazi gani, anaishije na mama yake, ana mke mwingine mahali? Hilo la mwisho lilichukua siku tatu kuthibitishwa, na simu nyingi za Bukoba.

Ndoa ilifungwa Ijumaa ile ile iliyopangwa, na liwa ilifika kwa wakati. Pesa aliyomtumia yule bwana haikurudi, na namba yake sasa haipatikani.